SOMO LA ROBO HII: Kuni za Miti Laini za Kuokota – Kuzitambua, Kuzikausha na Kuzitumia



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo kila mama wa kijijini analifahamu, lakini sisi wa ofisini tumelizungumza kwa makosa kwa muda mrefu, yaani kuni za miti laini zinazookotwa. Baada ya somo hili, kila kamati iweze kufanya mambo matatu:

1. Kutambua kuni laini zinazofaa na zile zisizofaa kabisa.
2. Kuzikausha na kuzitumia kwa moshi mdogo.
3. Kupanga namna ya kuzipata kwa ruhusa, hasa kwa ajili ya wajane na wazee.

Naomba somo lisomwe kwa sauti katika kikao, na maswali ya mwisho yajadiliwe pamoja na akina mama wenyewe, kwa kuwa ndio wanaobeba mzigo huu.

Hali yetu

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaishi katikati ya miti. Shamba la Miti Sao Hill lililoko Mufindi lina eneo la zaidi ya hekta 130,000, na kulizunguka kuna mashamba ya vijiji na ya watu binafsi. Msindano, ambao wengi tunauita mpaina, unapasuliwa mbao kila siku. Kila gogo linalopita kwenye mashine, hata zile ndogo za dingidongi, linaacha mabanzi, vichwa vya magogo na vipande vifupi visivyouzika. Upande wa Njombe, maparachichi yamepandwa kwa wingi na matawi yake hupogolewa kila mwaka. Migrevilea ya mipakani nayo hupogolewa.

Pamoja na hayo, utamkuta mama ametoka alfajiri kwenda bondeni kutafuta kuni ngumu, na njiani amepita marundo ya mabanzi yanayooza. Ukimwuliza, atakujibu kuwa mpaina una moshi, mpaina hauna makaa, mpaina unaisha haraka. Majibu hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote.

Kosa langu mwenyewe

Mwaka 2012, nikiwa mgeni katika kazi hii, niliendesha semina ya mazingira na afya katika usharika mmoja. Nilisimama mbele ya akina mama nikasema kwa uhakika kuwa msindano haufai kupikia, moshi wake ni sumu, na kwamba watafute miwati au miti mingine migumu. Sikuwa nimeupima msindano mkavu hata siku moja. Nilikuwa nimesoma habari hiyo mahali fulani, nikaifikisha kama ilivyo.

Miezi michache baadaye nilikwenda na mwinjilisti kumtembelea bibi mmoja aliyeanguka akitoka bondeni na mzigo wa kuni wakati wa mvua. Mkono wake ulikuwa umevunjika kwenye kiwiko cha kiganja. Nyumba yake ilikuwa karibu kabisa na mashine ya mbao. Chini ya upenu kulikuwa na mabanzi yaliyopangwa vizuri, mepesi, yenye rangi ya kijivu kwa ukavu. Nikamwuliza kwa nini hakuyatumia hayo. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, hayo nimepikia miaka yote. Wewe ndiye uliyetuambia ni sumu, nikayaacha."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi, na umoja wa wanawake wa mtaa ule ukapanga zamu ya kumpikia mpaka mkono ulipopona. Tangu siku ile nimejifunza kutokuwaambia watu waache kitu walicho nacho kabla sijakikagua. Somo hili ni sehemu ya kulipa deni hilo.

Tatizo ni maji, si mti

Hiki ndicho kiini cha somo. Kilo moja ya mti laini uliokauka sawasawa hutoa joto linalokaribiana sana na la kilo moja ya mti mgumu uliokauka sawasawa. Misindano huwa na joto zaidi kidogo kwa sababu ya utomvu wake. Tofauti kubwa iko katika uzito. Mita moja ya ujazo ya msindano mkavu kwa kawaida huwa na kilo 400 hadi 600, wakati miti mingi migumu inazidi kilo 700. Ndiyo maana tita la mpaina linaisha haraka kuliko tita la muwati lenye ukubwa uleule: ndani yake kuna kilo chache. Kwa hiyo tusilinganishe kuni kwa macho, tulinganishe kwa mizani.

Jambo la pili ni maji. Mti laini uliokatwa leo unaweza kuwa na maji kiasi cha nusu ya uzito wake au zaidi. Ukiingiza jikoni kilo 10 za kuni mbichi za namna hiyo, umeuagiza moto ukaushe kwanza lita 5 za maji yaliyomo ndani ya kuni. Ni sawa na kuwa na sufuria ya pili jikoni ambayo huioni wala huli kilichomo. Kwa hesabu ya kawaida, kilo ya kuni mbichi hutoa karibu nusu tu ya joto la kilo ya kuni zilizokauka vizuri.

Tena, maji hayo huupoza moto, na moto ukipoa gesi za kuni hazimaliziki kuungua. Zinatoka kama moshi mzito unaowasha macho na kuacha masizi. Moshi wanaoulaumu akina mama kwa sehemu kubwa ni moshi wa maji. Mti mgumu mbichi nao hufuka vilevile.

Kuutambua mti

Mara nyingi kuni za kuokota hazina majani. Tazama gome, rangi ya ndani, harufu na uzito.

*Msindano (mpaina).* Majani ni kama sindano ndefu zinazoning'inia. Sehemu ya juu ya shina ina gome jekundu linalobanduka kama karatasi. Ndani ni mweupe wenye kuelekea njano, na harufu ya utomvu ni kali. Hupasuka kirahisi kwa shoka na kukauka haraka. Vipande vilivyojaa utomvu, hasa kwenye mafundo na kwenye mashina yaliyogemwa, hutoa moshi mweusi. Hivyo visitumike kupikia. Vichanje vidogo viwe vya kuwashia moto tu.

*Msaipresi.* Ni ule ambao matawi yake hupamba makanisa yetu wakati wa Krismasi. Majani yake ni magamba madogo yaliyobanana, na ndani una harufu nzuri. Unafaa sana ukikauka, ila hurusha cheche. Usiuache bila mtu katika jiko lenye paa la nyasi.

*Mgrevilea.* Majani yamechanika kama ya feni, upande wa chini yana rangi ya fedha. Ndani ni mwekundu mwepesi wenye mabaka kama wavu. Ni mzito kuliko msindano na hutoa makaa kiasi. Wapo watu ambao ngozi huwawasha wakiushika mbichi, hivyo wanawe mikono baada ya kazi.

*Mparachichi.* Matawi ya kupogoa yana maji mengi na huoza upesi yakilazwa chini. Yachanjwe na kuinuliwa wiki hiyohiyo. Yakikauka ni mepesi na huwaka kwa haraka, yanafaa kwa chai na uji.

*Mianzi ya ulanzi iliyokufa.* Si mti, lakini inaokotwa sana kwetu. Ipasuliwe kwa urefu kabla ya kuingia motoni. Pingili isiyopasuliwa hufungia hewa na mvuke ndani yake, na ikipata moto hulipuka na kurusha makaa. Watoto wameungua kwa sababu hiyo.

Kuutambua ukavu

Akina mama wana vipimo vizuri kuliko vyetu. Gonganisha vipande viwili: kikavu hutoa mlio mkali, kibichi hutoa mlio mzito uliokufa. Tazama kichwa cha kipande: kikavu kina nyufa zinazotoka katikati. Gome la kuni kavu hubanduka kwa mkono. Kuni kavu ni nyepesi kuliko unavyotarajia unapoinyanyua.

Zipo pia kuni zilizopita wakati wake. Kipande kinachomeguka kwa vidole, chenye uyoga au kilicholiwa na mchwa kimeshapoteza sehemu ya chakula cha moto. Usikibebe kutoka mbali.

Zisizofaa hata kidogo

Hapa naomba kila kamati isimame kidogo.

Mwaka 2019 nilifika katika jiko la usharika mmoja siku ya mafunzo ya kipaimara. Watoto walikuwa wanasubiri wali na maharage. Kwenye rundo la kuni niliona vipande vinene vya mviringo, vikavu kabisa, vyenye rangi ya kijani iliyoingia hadi ndani. Vilikuwa mabaki ya nguzo zilizowekwa dawa. Mzee wa kanisa alikuwa ameviomba kwa nia njema, akaviona ni zawadi. Tuliviondoa vyote, chakula kikapikwa kwa kuni nyingine, na majivu ya asubuhi ile tukayafukia mbali na kisima na bustani.

Dawa ile ya kijani ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu, na moto hauiui. Sehemu hutoka na moshi na sehemu kubwa hubaki kwenye majivu, ambayo sisi tumezoea kuyamwaga kwenye mboga au kusugulia sufuria. Tena, nguzo iliyokaa juani miaka mingi hupoteza ukijani wa nje na kuwa kama mti wa kawaida. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: kipande chochote cha nguzo, cha uzio wa kiwandani au cha mti usioujua asili yake kisiingie jikoni. Vivyo hivyo:

- nguzo nyeusi zenye harufu ya lami;
- mbao zilizopakwa rangi au vanishi;
- plaiwudi na mbao zilizobandikwa kwa gundi;
- miti yenye utomvu mweupe kama maziwa, mfano mnyaa, ambao utomvu na moshi wake hudhuru macho;
- mwoleanda, ule wa bustani wenye maua ya waridi au meupe, ambao una sumu sehemu zote.

Mwenye mabaki ya nguzo asiyatupe shambani. Ayarudishe kwa aliyempa na kumweleza sababu.

Kuokota kwa ruhusa

Kuni iliyoanguka ina mwenyewe. Katika mashamba ya serikali yanayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na katika hifadhi, fuateni utaratibu wa ofisi husika chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kwa mashamba ya watu binafsi na mashine za mbao, kamati ndiyo iende kuzungumza, si mjane mmoja mmoja. Mwenye mashine mara nyingi hufurahi mabanzi yakiondolewa, kwa sababu rundo kavu ni hatari ya moto. Andikeni makubaliano mafupi: nani anachukua, siku gani, na upande gani wa eneo. Watoto wasiingie mahali mashine inapofanya kazi. Kabla ya kuvuta vipande vya chini, gongeni rundo kwa fimbo ndefu, kwa maana nyoka hupenda joto la humo.

Kukausha

Msimu wetu mzuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Kuni za masika ziandaliwe wakati huo, si mvua inapoanza.

1. Chanjeni kabla ya kukausha. Maji hutoka polepole kupitia gome na kwa haraka kupitia mti uliopasuliwa. Unene wa kiganja cha mkono wa mtoto unatosha.
2. Inueni kuni kutoka ardhini. Kichanja cha fito mbili juu ya mawe kinazuia unyevu na mchwa.
3. Pangeni kwa kuacha nafasi, upande mpana ukielekea upepo. Rundo lililobanana linaoza katikati.
4. Funikeni juu tu. Bati kuukuu linatosha. Turubai lililofunika hadi chini hufungia unyevu.
5. Pimeni. Chagueni tita moja, lifungeni kamba nyekundu, mlipime kila Jumamosi kwa mizani ya kuning'iniza. Uzito ukikaa palepale kwa wiki mbili za kiangazi, kuni zimekauka.

Msindano uliochanjwa hivi kwa kawaida huhitaji miezi 2 hadi 3 ya kiangazi. Mparachichi uongezewe mwezi. Palipo na ukungu mwingi subirini zaidi na mwamini mizani.

Kupika

Kuni laini zina moto wa haraka na makaa machache. Hivyo zitumike kwa kazi inayofanana nazo: chai, uji, ugali, mboga, maji ya kuoga. Tumieni vipande vyembamba, vichache kwa wakati mmoja, na mvisogeze ndani vinavyoungua. Kujaza jiko hadi mdomoni kunazuia hewa na kurudisha moshi uleule.

Kwa maharage na makande, loweka usiku kucha. Chemsha kwa kuni laini, kisha endeleza kwa kipande kimoja cha muwati au mgrevilea. Mkiwa na kapu lililozungushiwa blanketi kuukuu au majani makavu, sufuria iliyochemka sawasawa na kufunikwa huendelea kuiva humo bila moto. Maharage yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kuingia kwenye kapu, na yachemshwe tena kabla ya kuliwa.

Jiko banifu lenye bomba la moshi litasaidia zaidi. Bomba lisafishwe kila mwezi, kwa sababu masizi ya utomvu yakijaa yanaweza kushika moto.

Tuseme kweli

Kuni kavu zina moshi mdogo, lakini bado zina moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5. Serikali yetu ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuacha kuni na mkaa. Vituo na shule za dayosisi lazima vifuate agizo hilo. Somo hili lisiwe kisingizio cha kuchelewa.

Lakini bibi anayeishi na wajukuu watatu hana fedha ya kujaza mtungi wa gesi kila unapoisha. Jioni ya leo atawasha moto. Mjane wa Sarepta alikutwa na nabii Eliya akiokota kuni za chakula cha mwisho, na wajane wa aina hiyo tunao katika kila mtaa. Wakati tunaisubiri siku ya nishati nafuu, tusiwaache wapike kwa kuni mbichi, wala tusiwatume bondeni wakati mabanzi yapo mlangoni.

Kwa marafiki na wafadhili

Tunawashukuru kwa kusimama nasi. Kazi hii haihitaji kununua kuni. Inahitaji shoka na msumeno kwa kila mtaa, mizani moja kwa kila usharika, mabati ya kuezekea vichanja, na nauli ya mafundi wa majiko banifu. Mkitutembelea, msikague idadi ya semina zilizofanyika. Ombeni kuonyeshwa kichanja cha mjane mmoja na tita lenye kamba nyekundu. Hapo mtajua kama fedha yenu imefika.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mtaa wetu, akina mama wanatembea umbali gani kutafuta kuni, na wanapita mabaki gani ya miti njiani?
2. Nani ana mashine ya mbao au shamba la maparachichi, na nani kati yetu ataenda kuzungumza naye?
3. Je, kuna vipande vya nguzo katika jiko la usharika au nyumbani kwetu? Nani atakagua kabla ya Jumapili ijayo?
4. Wajane na wazee gani hawana nguvu ya kuchanja kuni? Vijana watawasaidia siku gani?
5. Ni fundisho gani tuliwahi kulitoa kwa watu bila kulijaribu, na tunapaswa kulisahihisha?

Kamati zitakazopima tita kwa msimu mzima zinaombwa kutuletea kumbukumbu zao za uzito. Tutazijadili pamoja na kusahihisha pale tulipokosea. Mungu awabariki.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi